Mpira wa Chaki

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia uwani kwao Magomeni, Swaumu huketi barazani na vikorokoro vyake. Siku hiyo alikuwa na mpira mwangavu wa maji, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, alioununua Kariakoo. Ncha moja aliiziba kwa gundi, ndani akaupaka unga wa chaki. Mpira huo ukizamishwa ncha wazi ikiwa chini, maji hupanda ndani na kuosha chaki. Kadiri kina kinavyozidi, ndivyo chaki nyingi inavyooshwa.

"Fundi mwenyewe huyo!" rafiki yake Najma alimtania. "Alama umeweka hadi mita nne, na pipa lenu ni la mita moja?"

"Nyingine nimezigawa kwa rula, sawasawa. Nyamaza wee, mjomba anakuja!"

Mjomba Muhiddin alikuwa fundi pampu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kipimo tayari? Pampu ya msikitini inatakiwa kukaa mita tatu ndani ya maji. Ikizidi hapo, itaingia topeni iungue. Na kisima kile kina giza, hata maji yanapoanzia hapaonekani. Alama zote umezijaribu?"

"Zote, mjomba."

Kisimani, walikofuatana na Najma, wazee walikuwa wakichota maji ya udhu kwa ndoo, wiki nzima sasa, kwa kukosa pampu. Mjomba aliufunga mpira kwenye pampu. "Bismillahi," akaanza kuiteremsha.

Swaumu alimshika mkono. "Mjomba, subiri! Nilikudanganya. Nilijaribu mita moja tu."

Mjomba akaipandisha pampu. Walikwenda kwenye tangi la ardhini la jirani, wakaufunga mpira kwenye kamba yenye jiwe, wakauzamisha mita tatu kamili. Walipoutoa, chaki ilikuwa imeoshwa hadi katikati ya alama ya pili na ya tatu.

"Unaona? Hewa iliyo ndani, ikibanwa sana, inazidi kuwa ngumu kubanwa," mjomba alieleza. "Kwa hiyo alama za juu zinapaswa kukaribiana. Tungefuata zako, tungeipeleka pampu topeni."

Swaumu alifuta alama zote, akapaka chaki upya, akapima mita baada ya mita. Kabla ya adhana ya alasiri, pampu ilikuwa imekaa mita tatu kisimani, na maji yaliruka bombani na kumlowesha Najma ushungi mzima.

"Fundi, umenikomoa!" Najma alipiga kelele, na wazee wakacheka.

Mjomba alimrudishia Swaumu mpira wake. "Kipimo kikikosea, tunakirekebisha. Lakini anayesema amepima na hajapima, wenzake watajuaje pa kurekebisha? Leo umesema kweli kabla hatujaharibu. Mshukuru Mungu, mwanangu, na kesho pima kwanza ndipo useme."