Shemeji Alilinyonga Gari la Marehemu Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mjane, mfanyabiashara wa mboga hapa Lushoto. Yaliyonikuta nimeyanyamazia kwa muda mrefu, maana kila nikitaka kuyasimulia nasikia kichefuchefu... Leo nayatapika yote!

Marehemu mume wangu alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, juu kule njia ya kwenda Irente. Homa ilimchukua ghafla, akaniachia watoto, bustani bondeni na pikapu ya dizeli. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Alinifundisha kuiendesha angali hai, akanihimiza hadi nikapata leseni, huku watu wakimcheka kwamba amegeuzwa abiria na mkewe. Hivyo nilipotoka eda nilishika usukani mwenyewe. Nikawa nakusanya mboga zangu na za majirani, nashuka nazo Mombo, narudi na mchele na sabuni za wenye maduka.

Bila gari lile ningekuwa nani? Ningekuwa mjane wa kukaa uani kwa wakwe, nangoja kupimiwa unga na watu wengine. Hilo nililiogopa kuliko kitu chochote.

Nilikuwa naishi ua mmoja na mama mkwe wangu. Jirani yetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye nitamwita Hamza ingawa si jina lake. Ni fundi magari, ana gereji yake kando ya barabara. Huyu nilimwamini kwa moyo wote. Gari la kaka yake, nani mwingine angelishika?

Kwetu mtu akifariki, ikifika arobaini nguo zake hugawiwa ndugu, kila mmoja apate cha kumkumbukia. Mimi niliomba kitu kimoja tu. Kulikuwa na sweta la kijani ambalo nilimfumia kwa mikono yangu, lenye mkanda wa njano kifuani kwa sababu uzi wa kijani uliniishia katikati. Alilivaa kila asubuhi ya baridi, na mnajua asubuhi za huku zilivyo!

Mama mkwe alikataa. Akasema sweta la mwanamume mimi nitalivaa wapi, apewe Hamza. Hamza alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu, akalia kwa kwikwi mbele za watu mpaka wazee wakambembeleza. Na mimi mjinga nikalia naye... Nikasema moyoni, huyu kweli ana uchungu na kaka yake!

Basi mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokatika, nilipeleka gari kwa Hamza kubadilisha oili. Lilipotoka pale halikuwa gari lile ninalolijua. Kwenye tambarare lilikwenda, lakini likishika mlima tu linaishiwa nguvu. Unakanyaga mafuta, injini inaguna, gari halisogei, na nyuma linafuka moshi mweusi tii! Wapita njia wanaziba pua kwa khanga. Na huku kwetu utakwenda wapi usipande mlima?

Nikarudi kwa shemeji. Alitoa chujio la hewa mbele ya macho yangu, akaweka jipya. Moshi uleule. Akasema ni nozeli za kupuliza dizeli, akazifungua akazisafisha. Moshi uleule. Akasema ni pampu. Kila mara anajipangusa mikono taratibu, anatikisa kichwa, ananitazama kwa huruma.

Mwisho akaniambia, "Shemeji, injini hii basi tena. Imemfuata mwenyewe. Nina mtu atalichukua kwa ajili ya spea. Wewe pumzika, sisi tupo."

Imemfuata mwenyewe! Maneno yale yalinichoma, nikakataa kuuza.

Mambo yakazidi kuharibika. Kabichi zilinilalia njiani zikaoza, majirani wakaanza kupakia mboga zao kwenye lori la mtu mwingine. Kisha ukazuka uvumi mtaani kwamba marehemu haridhiki mkewe anavyozunguka na gari lake, ndiyo maana linakataa mlima. Uvumi ule ulitoka kwa nani? Kwa mama mkwe! Alikuja hata jikoni kwangu kunishauri kwa sauti ya upole, "Mwanangu, lisomewe hitma, huenda roho yake ikatulia."

Nami nikafanya. Ndugu zangu, nililisomea hitma gari la dizeli! Nilichinja mbuzi, nikapika pilau, wakaja watu wakasoma uani, pikapu imeegeshwa pembeni kama mgonjwa. Hamza alikaa mbele kabisa. Aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, akala, akaongeza, akalamba vidole. Nikikumbuka vile vidole... Mungu nisamehe!

Baada ya hitma gari lilizidi. Sasa moshi uligeuka wa bluu, unanuka oili iliyoungua, na injini ikawa inapiga mluzi. Oili naongeza leo, kesho imepungua. Hamza mwenyewe aliposikia ule mluzi nilimwona ameshtuka, akafunga boneti haraka. Nikachoka. Nikamwambia amlete huyo mtu wake wa spea wiki inayofuata.

Kabla wiki haijaisha ilinibidi nimpeleke mama mkwe Korogwe kupimwa macho. Mboga sikupakia, nikajua gari tupu litajikongoja. Kushuka hakukuwa na tabu. Wakati wa kurudi, tumeshaipita Mombo, tunapanda zile kona za kwenda Soni, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Kwenye kona kali gari likapiga mluzi mrefu, nguvu zikakatika, likaanza kurudi nyuma!

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikavuta breki ya mkono. Gari likasita, likateleza kidogo, likasimama, tairi la nyuma liko ukingoni. Moshi ukaingia mpaka ndani, hatuonani.

Mama mkwe akanikamata mkono na kupiga kelele, "Mwambie Hamza akitoe! Akitoe kile kitu, tutakufa!"

Nikamgeukia. "Kitu gani, mama?"

Akaziba mdomo kwa mtandio. "Mimi nimesema nini? Sijasema kitu."

"Umesema Hamza akitoe. Atoe nini?"

Akaanza kusoma dua, macho ameyafumba. Nikakaa pale nimeung'ang'ania usukani, najiuliza Hamza ameweka nini ndani ya gari langu...

Lori la kokoto lilitufunga kamba likatuvuta hadi Soni. Nilitafuta fundi ambaye hamjui yeyote katika ukoo wetu. Nikamweleza kila kitu: moshi mweusi kwanza, sasa wa bluu, mlimani hakuna nguvu. Akasema moshi mweusi maana yake mafuta yanaingia lakini hewa haitoshi, gari linakosa pumzi. Nikamwambia chujio ni jipya, nimeliona linawekwa. Akaniuliza kama kuna mtu amefungua bomba linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Nikamjibu sijui.

Akafungua. Akaingiza mkono. Akavuta.

Ilitoka nguo. Imelowa oili, imetatuka, nyuzi zinaning'inia. Fundi akaikunjua juu ya boneti, na katikati ya ule weusi nikauona mkanda wa njano.

Nilitapika wasomaji wangu! Nilitapika pale pale mtaroni, watu wananitazama. Sweta la mume wangu! Lile alilolibusu mbele ya wazee, analikata na kulishindilia ndani ya gari la kaka yake, kisha anakuja kula pilau ya hitma! Ni mtu wa namna gani huyu?

Fundi akanionyesha kwamba nyuzi zilivutwa zikaingia kwenye turbo, feni yake ikaliwa, ndipo oili ikaanza kuvuja na kuungua. Hapo nikaelewa kwamba Hamza alitaka kulinyima gari pumzi tu ili niliuze, yeye akitoe kitambaa na kulimiliki gari kupitia huyo mtu wake. Kumbe alikuwa analiua kweli. Nilipogeuka kumtafuta mama mkwe, alikuwa ameketi kwenye benchi la gereji, amenipa mgongo, anahesabu tasbihi.

Ukaitishwa mkutano wa ukoo. Nilitarajia Hamza akane, angalau aone haya. Hakukana! Alinyoosha miguu kwenye mkeka akasema, "Lile ni tambara tu, shemeji. Lilikuwa limeshatoboka."

Tambara tu!

Akaendelea kwamba alifanya kwa kunihurumia. Mjane gani anashinda masokoni na madereva? Gari likiondoka ningetulia nyumbani, yeye angenioa niwe mke wa pili, mali ya kaka yake ibaki mikononi mwa ukoo. Alilisema hilo la kunioa huku akitabasamu, na mimi nikasogea nyuma kama mtu aliyeona funza kwenye nyama.

Baba mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo, akakohoa, akanigeukia. "Mama Rehema, yaishe. Tusiwape watu la kusema."

Nikawauliza, nyie wazee, mama huyu angetumbukia nami korongoni mngesema yaishe? Mama mkwe alikuwa anachora mkeka kwa kidole. Wakaomba dua ya kufunga kikao, wakaletewa chai, wakanywa!

Nilihama na wanangu. Siku hizi nimepanga chumba karibu na soko la Lushoto. Gari niliwekewa turbo iliyotumika, linapanda mlima, nashuka Mombo kama zamani, sijapimiwa unga na mtu. Lakini nyumba niliyojenga na mume wangu imebaki kwenye ua wao, na bustani zile analima Hamza. Nilichagua gari. Sijutii, ingawa watoto wananiuliza tutarudi lini kwetu.

Mama mkwe nikikutana naye sokoni nainama, nampa shikamoo yake, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Wakati mwingine anawatumia wajukuu wake uji wa moto. Naupokea, nashukuru, nikifunga mlango naumwaga. Siwezi kuumeza. Mtanihukumu mtakavyo.

Wajane wenzangu, nawasihi kwa machozi. Gari lako likiishiwa nguvu na kufuka moshi, usimpelekee anayelimezea mate, hata akiwa ndugu wa marehemu! Tafuta fundi asiyekujua, simama naye, kila bomba lifunguliwe ukiona. Na wakikuambia yaishe kwa ajili ya jina la ukoo, waulize hilo jina ni la nani, wakati wewe ndiye uliyekuwa unarudi nyuma kuelekea korongoni, na waliokuwa wanajua sababu walikuwa wamekaa kimya!