Usipa Usioonjwa

"Ngoro imebomoka."

Maneno mawili tu kwenye simu. Asteria alikuwa juu ya pikipiki yake, Boxer, pale Mbinga mjini, macho mekundu. Siku ya tatu hajapata usingizi wa maana. Ngoro ni mashimo ya kilimo cha milimani, lakini yeye alijua tafsiri yake ya siri: mzigo umeshavuka Ziwa Nyasa.

"Wapi, Mzee?"

"Mbaha. Chupa mia mbili. Kesho ziko soko la Mbinga." Mzee Nazari, mkuu wake katika kazi ya siri, alikohoa. "Nguvu unazo bado, mwanangu?"

"Nitazikuta njiani."

Akawasha pikipiki.

Chupa zenyewe ziliandikwa Dawa ya Uboho. Mafuta ya manjano, kijiko asubuhi, kijiko jioni, na sharti moja: mgonjwa aache dawa za hospitali. Wajanja wa ng'ambo walisikia watafiti wakisema ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mfupa, kuna seli za mafuta. Wakaigeuza habari kichwa chini, miguu juu. Eti uboho ukinenepa, saratani ya damu inakimbia.

Uongo.

Daktari mmoja alimweleza Asteria polepole. Saratani ya damu inakaa humo humo kwenye uboho. Inazikamua zile seli za mafuta kama mwizi anavyokamua ng'ombe wa jirani. Inakula, inaongezeka. Watafiti wangali wanatafuta namna ya kuinyima chakula hicho.

"Na hiyo chupa," daktari alisema, "kwenye mfupa haitibu kitu. Inaua kwa sababu mtoto anaachishwa dawa."

Mtoto mmoja Asteria alimjua kwa jina. Yuliana, miaka sita, mgonjwa wa saratani hiyo hiyo, binti wa mdogo wake Bonifasia kule Namswea. Ameshakosa kliniki moja. Mama yake anasubiri chupa.

Sikieni, wazazi wenzangu. Mama anayeuguza hadanganywi kwa kuwa mjinga. Anadanganywa kwa kuwa amechoka.

Saa nne asubuhi, Mbaha.

Asteria alishuka ufukweni na beseni kichwani kama mchuuzi. Bastola ya Glock chini ya kitenge. Ndani ya beseni, redio ya Motorola imefunikwa kanga. Mbele yake magunia ya usipa, dagaa wakavu wa ziwa, safu kwa safu, na wanawake wakipigiana kelele za bei.

"Gunia lipi?" redio ilinong'ona.

"Sijajua, Mzee."

"Ukipekua lisilo lenyewe, wenye mzigo wanapotea."

Alijua.

Ila pale ziwani usipa haununuliwi bila kuonjwa. Mkono unazama mpaka chini ya gunia, unachota, unatafuna, unajua kama una mchanga. Hakuna muuzaji anayekataa. Asteria akapita akionja. Gunia la kwanza. La tano. La tisa. Taya zikamuuma.

Akafika kwenye Hilux nyeupe. Kijana mmoja, Kilian, alikuwa amesimama mbele ya magunia sita. Viatu vinang'aa, havijawahi kukanyaga matope ya ziwa.

"Naonja, kaka."

"Huu hauonjwi."

Kelele zikakatika. Bibi mmoja mchuuzi akashusha ungo wake.

"Hauonjwi? Kwani umeuoa?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Jasho likamtoka Kilian. Akarukia usukani, Hilux ikanguruma.

Asteria hakukimbia. Akapiga goti, akalenga.

Paa!

Tairi la nyuma likakaa chini.

"Shuka, kaka. Nimechoka. Usinifanye nipige ya pili."

Akashuka, mikono juu. Bibi yule akapasua gunia kwa kisu cha samaki. Usipa juu, kina cha kiganja. Chini, chupa za manjano.

"Dada, tunawasaidia," Kilian alilia. "Kina mama wenyewe wanatuomba!"

"Najua wanavyoomba," alisema Asteria, akamfunga pingu.

Akafungua redio. "Ngoro imezibwa, Mzee. Chukueni mtu wenu."

Vijana wa Mzee walipomchukua Kilian, akapanda pikipiki bila kugeuka. Kwenye mlima wa kwanza simu ikaita.

"Dada, ile chupa imefika soko la Mbinga?" Sauti ya Bonifasia ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Haiji, mdogo wangu."

Bonifasia akaangua kilio.

"Sasa nitamfanyia nini mwanangu? Sina nguvu tena, dada."

"Mvalishe sweta," Asteria alisema. "Hospitali tunakwenda leo. Nitambeba mimi."