Sauti ya Nerea Katika Ufuo

Wanyama alikanyaga swichi ili kuukata mwangwi, na mwangwi haukukatika. Uliendelea kwa muda ambao mtu hutumia kufunga vifungo vya shati, kisha ukaacha wenyewe, kama aliyemaliza alilokuwa akisema. Aliandika pembeni mwa gazeti: swichi, iangaliwe.

Ilikuwa Juni 1968. Wanyama alikuwa karani wa forodha, amehamishiwa Amu pamoja na mkewe Nerea, mwalimu wa darasa la tatu. Walikotoka, Mombasa, walikuwa na bendi: yeye gitaa la umeme, Nerea sauti. Katika wimbo wao uliopendwa Nerea aliita, "Uko wapi, mpenzi?" na Wanyama akajibu, "Nipo, mama, nipo." Walikuwa wamealikwa kuupiga tena kwenye dansi ya Desemba, na Wanyama alitaka urudi ukiwa mkubwa kuliko walivyouacha. Kwa baharia mmoja alikuwa amenunua kisanduku cha mwangwi. Ndani yake mlikuwa na springi mbili ndefu, na gitaa au sauti ikipita humo, husikika kama inatoka ndani ya kanisa kubwa. Ukikanyaga swichi, mwangwi huja. Ukikanyaga tena, huondoka.

Tatizo lilikuwa sakafu. Kila hatua ilizitikisa springi, zikalia kama mabati yanayoanguka. Nyumba waliyopanga kwa Bi Shifaa ilikuwa ya mawe, na nyuma kabisa mlikuwa na chumba kisicho na dirisha, giza hata adhuhuri. Sakafuni palikuwa na shimo la kina cha mkono mmoja, limefunikwa ubao. Wanyama alidhani ni pa kuwekea mtungi. Alikishusha kisanduku humo, akakilaza juu ya mchanga, akaunganisha nyaya na betri ya motaboti aliyoichaji ofisini. Springi zikatulia.

"Umekizika," Nerea alimwambia, akicheka mlangoni. "Na hukualika mtu mazishini."

Walifanya mazoezi baada ya sala ya alasiri, kama walivyokubaliana na Bi Shifaa, aliyekaa nyumba ya pili, ukuta mmoja kati yao. Siku ya tano Nerea aliimba mstari wake, na mwangwi ukaurudisha pamoja na pumzi ambayo Nerea hakuivuta. Wanyama aliisikia vizuri. Aliendelea kupiga, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Wiki ya pili ikaja harufu: kafuri, na udongo uliolowa. Wiki ya tatu sauti ya Nerea ilianza kupungua. Haikukwaruza wala kuuma; ilikuwa ndogo tu, kila siku ndogo kuliko jana. Mganga wa zahanati alimtazama koo, hakuona wekundu, akamshauri asukutue kwa maji ya chumvi. Kufikia Agosti Nerea alifundisha kwa chaki na kupiga makofi. Nyumbani alimwuliza mumewe kwa mnong'ono kama na yeye alikuwa akisikia kitu katika kile chumba. Wanyama alimwambia ni mafua ya pwani.

Lakini yeye alijua. Mkewe akiwa shuleni alikuwa akiingia mle peke yake, anakaa gizani na gitaa mapajani, anagusa uzi mmoja tu, na kutoka kwenye amplifaya ilikuja sauti ya Nerea, nzima, pana, bila kukosea, ikiimba mistari ambayo hawakuwa wameitunga, na kila alipotaka kuinuka iliongeza mstari mmoja, na yeye akakaa, na harufu ya kafuri ikazidi hadi akaionja ulimini, na bado akakaa, akijiambia kwamba atamwambia mkewe kesho.

Bi Shifaa ndiye aliyekuja. Aliingia bila kuvua buibui, akasimama nje ya kile chumba.

"Mkeo aniita tangu asubuhi ukutani," alisema kwa sauti ya chini. "'Bi Shifaa, ndoo. Bi Shifaa, ndoo,' ataka nimwendee. Nimetoka, nimemwona huko shule na watoto. Na tena, Nerea hajanena Kiamu hata siku moya."

Alipouona waya ukiingia shimoni, alishika ukuta.

"Bwana Wanyama, hiyo ni ndia ya mai ya maiti. Huo ni ufuo."

Alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Katika chumba hicho walioshwa, walipokufa, mama yake na ndugu zake wawili, na maji yalikwenda humo shimoni; shimo la namna hiyo ndilo huitwa ufuo. Wakati wa kuosha, hakuna anayeimba wala kuitwa kwa jina, kwa kuwa kinachokaa katika maji hayo hakina sauti yake, nacho hutafuta. Wanyama aliuliza mbona hakumwambia mapema.

"Nilidhani wajua," alijibu. "Nani asiyejua?"

Mwalimu Khatib, wa madrasa, aliletwa na Bi Shifaa siku ya pili, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimweka Nerea karibu na ufuo na kuamuru yaletwe mapakacha saba ya makuti, yamejaa mchanga. Masharti yake yalikuwa machache. Yeye atasoma, Wanyama atamwaga mchanga. Sauti itaita, na ikikosa wa kuitika mpaka pakacha la saba, itarudi kwa mwenyewe.

"Haitaniita mimi," alimwambia Wanyama. "Itakuita wewe uliyeizoea. Ukiitika, umekipa kile cha shimoni sauti ya mkeo."

Kisanduku kilitolewa, nyaya zikakatwa, betri ikapelekwa nje. Khatib alianza kusoma. Pakacha la kwanza lilipomwagwa, shimo lilimsihi Wanyama, kwa sauti ya mkewe, asimfukie akiwa hai. Nerea mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Wanyama alimwaga. La tatu, shimo lilimtukana. La tano, lililia. Alimwaga, jasho likimtiririka, macho yake yakiwa kwa Nerea. Alipoinua pakacha la saba shimo lilianza kuimba, polepole, kwa mapigo yale yale ya jukwaani, sauti ikijaa chumba hadi chokaa ikadondoka, likafika mwisho wa mstari, "Uko wapi, mpenzi?" likaacha nafasi ya jibu. Na kinywa cha Wanyama, kwa mazoea ya miaka mitatu, kikaijaza.

"Nipo, mama, nipo."

Khatib aliacha kusoma. Bi Shifaa aligeuza uso.

Wanyama alilimwaga pakacha la saba, akausawazisha mchanga kwa viganja, akasawazisha tena. Nerea alipiga magoti karibu naye. Aliushika mkono wa mumewe na kuuweka kooni mwake mwenyewe. Koo lilikuwa moto, linatetemeka, mishipa imesimama: alikuwa akipiga ukelele kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, na kwake hakukutoka kitu. Ukelele ulikuwa chini ya mchanga.