Jina Lililotoka Kabatini

Harufu ya chokaa ilianza Jumatatu, kipindi cha kwanza. Haikuwa vumbi la chaki, maana hilo kila mwalimu amelizoea. Hii ilikuwa chokaa mbichi iliyokorogwa na maji, ile ya kupaka makaburi. Mwalimu Sieni alifungua madirisha yote ya kidato cha nne, akachungulia chini ya meza yake, asikute kitu. Aliposhika chaki aandike tarehe ubaoni, chaki ilikuwa imelowa chepechepe, ikamkatikia mkononi.

"Mwalimu, ni Tavita huyo, leo ameoga. Pua zetu hazijazoea," mmoja akasema kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Sieni naye alicheka. Wiki hiyo hakuna kitu ambacho kingemharibia furaha, kwa sababu ndiyo wiki aliyoisubiri muhula mzima.

Kwa miaka tisa alikuwa amefundisha homa kubwa ya mwaka 1918 kama kitabu kinavyotaka: meli ikatia nanga Apia, mji wetu mkuu, na wagonjwa ndani, wakubwa wa kigeni hawakuizuia, mtu mmoja kati ya watano akafa. Watoto wananakili, wanajibu mtihani, wanasahau wakiwa bado getini. Mwaka huu aliandaa somo lake mwenyewe. Kila mwanafunzi angeleta jina la mtu mmoja wa ukoo wake aliyekufa kwa homa ile, na jina hilo lingesomwa darasani kwa sauti.

Asiye mtu wa kisiwa chetu cha Savaii ataliona jambo dogo. Kwetu, nani alimzaa nani ni siri ya nyumba. Vyeo vya koo vinagombewa mahakamani, cheo ndicho kinachoshika ardhi, na ardhi ndipo ilipo nyumba unayolala. Mzee atakupa nguruwe wake kabla hajakupa jina la babu yake. Kwa hiyo Sieni alipita nyumba kwa nyumba jioni baada ya kazi, akaketi mkekani, akanywa koko, ile kakao yetu ya moto, ya kila mtu, na kila mahali akatoa ahadi ileile: yatakayosemwa yataingia kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, na daftari halitatoka kwenye kabati la shule. Walimwamini. Alikuwa binti wa mchungaji, na uso wa kuaminika Mungu alikuwa amempa wa kutosha.

Bibi Fetuao ndiye aliyempa zaidi ya alichoomba. Yule bibi alimwambia kwanza ateremshe mikeka ya pembeni, maana nyumba zetu hazina kuta, mchana kweupe, nyumba ikawa giza.

"Baba yangu hakuwa damu ya nyumba hii," alisema taratibu. "Mama yake alikuwa mgeni, anaitwa Matalena. Alikuja kutembea, homa ikamkuta hapa. Walimkuta siku ya pili amekwisha kufa, mtoto bado yuko titini. Na wenye nyumba walikuwa wamezika kichanga chao jana yake. Wakamchukua huyu, wakampa jina la yule. Mama wa watu wakamtia shimoni pamoja na wengine, wakamwagia chokaa."

"Mwanao anajua?"

"Hajui. Hata Ianeta mjukuu wangu hajui. Nakwambia wewe kwa sababu nikifa hakuna wa kumtaja. Mtaje mara moja tu, mwanangu. Sema alikufa kwa homa. Ni wa nani, usiseme."

Sieni aliahidi huku akilia, kisha akaandika yote, mpaka kile asichotakiwa kukisoma. Watu wa historia wana ugonjwa huo, hawawezi kusikia kitu wakakiacha kipite. Na alijua vizuri alichokishika. Cheo cha ukoo kilikuwa kwa mwana wa Bibi Fetuao, na aliyekuwa akikidai mahakamani alikuwa Lotomau, mume wa Sieni mwenyewe.

Majina yalisomwa Jumatano. Watoto walisimama mmoja mmoja, na hata wale watundu walisoma wameinamisha vichwa. Sieni alikuwa amepanga kulisoma jina la Matalena mwisho kabisa, yeye mwenyewe, kisha kengele ya saa sita igongwe. Alikuwa amebakiza Ianeta tu. Harufu ya chokaa ilizidi kiasi kwamba wasichana wa mbele walijifunika pua kwa kola za sare zao.

"Mwalimu," Tavita akanong'ona, na safari hii hakuwa na mzaha. "Tazama chini."

Kutoka mlangoni mwa kabati, ambalo lilikuwa limefungwa kwa kufuli, zilitoka nyayo nyeupe za maji ya chokaa, nyayo za mtu mzima asiye na viatu, vidole vimetanuka kama vya mtu aliyebeba mzigo, na hakuna aliyeziona zikiwekwa ila kila ukipepesa macho imeongezeka moja, zikapita katikati ya madawati huku watoto wakiinua miguu juu ya viti bila hata mmoja kupiga kelele, zikafika kwenye dawati la Ianeta, zikageuka, zikasimama nyuma yake, na yule msichana aliyekuwa amesimama na karatasi yake mkononi akafungua mdomo asome jina alilotumwa na nyumbani, ikatoka sauti ya mwanamke mzima aliyekauka koo, ikauliza, "Nani amenitoa?"

Ianeta akaanguka. Hapo ndipo darasa lilipopiga kelele.

Lotomau alikuja na gari lake la kubebea mbao, akamsaidia Sieni kumfikisha mtoto kwa bibi yake. Kisha akaitwa Ailini, mganga wetu, mama mnene mwenye maneno makavu ambaye hata mchungaji humwita kwa mlango wa nyuma. Ailini alimpaka mtoto mafuta ya nazi, akamsugua kwa majani ya mti wa nonu kuanzia kichwani kwenda chini. Kila alipofika tumboni Ianeta alirusha miguu kwa nguvu za wanaume watatu.

"Wewe mwenye misuli, shika miguu," Ailini akamwamuru Lotomau. "Shika, usimbembeleze." Kisha akainama sikioni mwa mtoto. "Aitu, mzimu wa watu, mimi nakuuliza kwa heshima. Wewe ni nani, na una shida gani na mtoto wa watu?"

"Huyu ni damu yangu," sauti ikajibu. "Nimekuja kwa wangu."

Bibi Fetuao akajiziba mdomo kwa kitambaa.

"Nani amekuudhi?"

"Nimelala kimya miaka yote. Jina langu nikalipeleka kwa mdomo mmoja, likae mahali pamoja. Sasa liko kwenye karatasi ya mahakama. Wananichukua mimi, mama, wanifanye fimbo ya kuwafukuzia wanangu nyumbani."

Bibi Fetuao akamgeukia Sieni polepole. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. "Mwalimu," alisema. "Nilikukosea nini?"

"Si mimi, Bibi! Haki ya Mungu si mimi. Daftari liko kabatini, ufunguo huu hapa."

"Mwulize anayenishika miguu," sauti ikasema.

Mikono ya Lotomau ikalegea. Sieni alimtazama mumewe, na akakumbuka Jumapili iliyotangulia majina kusomwa. Alikuwa na kazi nyingi za kusahihisha, akalibeba daftari nyumbani, siku moja tu. Wakatoka kanisani, wakala magimbi na nguruwe aliyeokwa kwenye umu, tanuri la mawe ya moto, naye akalala usingizi mzito wa mchana huku daftari liko mezani. Alipoamka mumewe alikuwa amempikia koko. Tangu waoane hakuwahi kumpikia koko, na Sieni, masikini, alifurahi siku nzima.

"Loto," akanong'ona. "Sema hukufanya."

"Nilipiga picha tu, kwa simu." Lotomau hakuinua macho. "Kurasa mbili. Jumatatu asubuhi nikazipeleka mahakamani."

"Nililala, ukanipekua."

"Nilifanya kwa ajili yetu, Sieni. Watoto wetu watakaa wapi? Wewe unajua ukweli, unaufungia kabatini, halafu mumeo anahangaika mahakamani kama mwendawazimu. Nani amemsaliti nani hapo?"

Kisu kikikuingia kutoka kwa mtu wa nje, unajua la kufanya. Hiki kilimwingia Sieni kutoka ubavuni mwake, mumewe alipozoea kulala, na alichoweza kufanya ni kuketi tu, ametoa macho. Uchungu uliomkaba ulikuwa pia wa kwake mwenyewe, maana ahadi aliivunja yeye kwanza.

"Karatasi iondoke," sauti ikasema. "Mpaka iondoke, nimelala hapa." Na Ianeta akafumba macho, akabaki hivyo, anapumua lakini haamki.

Lotomau alikataa kuiondoa. Alisema ukoo wake umeshaisoma, hawezi kurudi nyuma sasa, na jioni ile akahamia kwa kaka yake. Siku nane Ianeta alilala. Walimlowesha midomo kwa maji ya nazi, naye akakonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana. Siku ya nane ndiyo ilikuwa siku ya kesi, na Sieni alikuwa ameitwa kama shahidi, aeleze kama maandishi ni yake.

Alfajiri alipita kumwona mtoto. Bibi Fetuao alikuwa ameketi palepale, hajachana nywele.

"Sema ni uongo," alimwambia. "Sema hakuna mtu kama huyo."

"Bibi, mimi ni mwalimu wa historia. Nikisema hivyo..."

"Ulikuwa mwalimu pia siku uliyoniahidi."

Mahakamani Sieni alisimama mbele ya mumewe na ukoo wake wote, jaji akamwonyesha zile kurasa, akamwuliza kama mwandiko ni wake.

"Ni wangu."

"Na huyu mwanamke Matalena, alikuwapo?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema alipewa kwa siri, akanyamaza, akafungwa. Nimeliwaza sana jambo hili, na nadhani alitaka kumaliza, arudi akute mtoto ameamka.

"Hakuwapo," Sieni akasema. "Lilikuwa zoezi la darasani. Nilimtunga mimi."

Lotomau alicheka kwa sauti, cheko baya, kisha akaanza kulia. Karatasi ikatupwa nje ya kesi, na cheo kikabaki kilipokuwa. Saa ileile, watu waliokuwa nyumbani kwa Bibi Fetuao wanaapa, Ianeta aliketi mkekani akaomba wali wa koko, akala bakuli mbili, akauliza kwa nini watu wote wanamkodolea macho.

Kijiji kilishangilia. Ailini peke yake hakushangilia. Alimkuta Sieni dukani ananunua sabuni, akamvuta pembeni.

"Ni kweli ulisema ulimtunga?"

"Mtoto si amepona?"

"Amepona, ndiyo. Yule alitaka karatasi iondoke. Wewe umemwondoa yeye." Ailini akamtazama shingoni, kama anatafuta mahali pa kumpaka mafuta, kisha akaacha. "Mtu aliyefutwa kabisa anatafuta pa kuandikwa, mwanangu. Mimi dawa ya hilo sina."

Sieni alikwenda nyumbani kwenye kitanda ambacho sasa alikilalia peke yake. Alilala vizuri, na hilo lilimtisha kuliko kama angekesha.

Jumatatu aliingia kidato cha nne. Madirisha yalikuwa wazi, hewa ilikuwa safi, hakukuwa na harufu yoyote. Ianeta alikuwa kwenye dawati lake, bado mwembamba, anacheka na wenzake. Sieni alihisi machozi ya furaha yakimlengalenga. Akaliona andalio lake jipya, la biashara ya nazi kavu, mada isiyo na mtu aliyekufa hata mmoja, akafungua kitabu cha mahudhurio, akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Matalena," akasoma.

Wanafunzi wakatazamana. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la Aperamo, nalo limeandikwa waziwazi, kwa mkono wake.

"Samahani. Matalena." Akakohoa. Akashuka mstari wa pili, Kolose. "Matalena." Wa tatu, Ianeta. "Matalena."

Nyuma kuna waliocheka kidogo, wakadhani mwalimu anatania baada ya misukosuko yake. Sieni akaendelea kusoma, haraka haraka, kidole kikishuka, kila mstari anauona ulivyo na anajua mtoto ni yupi na anakaa wapi na mama yake ni nani, anajiandaa kuutamka, ulimi unajipanga vizuri kabisa, na kila mara linatoka lile lile moja, thelathini na moja mfululizo, kwa sauti iliyokuwa inazidi kukauka, mpaka mwisho wa ukurasa, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa akicheka.

Ianeta akasimama. Alikuja mbele, akamshika mwalimu wake mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

"Mwalimu," akamwuliza kwa upole, kama unavyomwuliza mtoto aliyepotea sokoni. "Wewe unaitwa nani?"

Sieni alilijua jina lake. Baba yake alimbatiza nalo, na miaka kumi na tisa mumewe alimwita nalo. Akalishika moyoni kwa nguvu zake zote, akafungua mdomo.

"Matalena," akasema.