Sikio la Sajini

Kila asubuhi Dorca alianika omena, wale dagaa wadogo, ufukweni mwa ziwa, karibu na nyumbani kwake, upande wa Kombewa. Alitandaza wavu mkuukuu juu ya nyasi, akamwaga omena, akawasambaza kwa mikono. Kazi yenyewe haikumsumbua. Waliomsumbua ni ndege.

Korongo na yangeyange wa pale hawana haya. Ukigeuka kidogo kumsalimia jirani, wamekwisha kula nusu karai. Kwa hiyo Dorca alikuwa na askari wake. Alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, mwenye masikio marefu yanayoning'inia, na jina lake Sajini. Mshahara wake ulikuwa ugali na vichwa vya samaki. Ndege wakitua, Sajini aliwafukuza mpaka ndani ya ziwa. Aliogelea, akarudi amelowa chapachapa, kisha akajikung'uta karibu na mtu aliyevaa nguo safi. Dorca alimgombeza kila siku, na kila siku alimpenda.

Mvua zilipoanza, Sajini alianza kujikuna sikio la kushoto. Alitikisa kichwa mpaka masikio yakapiga makofi. Obiero, mume wa Dorca, alikuwa fundi wa nyavu. Aliacha kushona, akamtazama mbwa, akacheka.

"Hiyo ni kupe tu," alisema. "Mafuta ya mbuta itamaliza."

Pale ziwani, mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa mnono, ni daktari wa kila kitu. Ukikohoa unayanywa, ukiungua unayapaka. Obiero alipasha moto kijiko kimoja, akamimina ndani ya sikio. Kesho yake alimimina tena, na keshokutwa pia.

Sikio likaanza kunuka. Lakini katika nyumba ya omena, nani atasikia harufu ya sikio? Magunia yalinuka samaki, mapazia yalinuka samaki, hata Biblia ya Dorca ilinuka samaki. Wote wawili walidhani ni yale mafuta tu.

Baada ya wiki mbili, Sajini alitembea huku ameinamisha kichwa upande mmoja. Alipepesuka. Ndege walitua juu ya omena naye akabaki amelala. Dorca aliinama amwinue, mkono wake ukagusa sikio. Sajini alilia kwa uchungu, akamrukia. Meno yalishika mkono wa gauni, kitambaa kikachanika.

"Mayoo!" Dorca alipiga kelele.

Obiero alikuja mbio, sindano ya nyavu bado mkononi. "Imekuuma?"

"Hapana. Ni nguo tu."

"Hii mbwa imeshikwa na kichaa! Angalia vile inatembea kama mlevi. Naenda kuita jirani Walter na rungu yake, aiue. Leo leo."

"Baba Griffins, ngoja kidogo," Dorca alimsihi mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ningoje nini? Mpaka iume mtoto wa watu? Kichaa ya mbwa inaua, mama."

Hapo Obiero hakukosea. Kichaa cha mbwa kinaua, na Dorca alijua hivyo. Lakini alimwona Sajini akijivuta hadi kwenye bakuli lake, akanywa maji, kisha akamtazama yeye Dorca na kutikisa mkia kidogo. Machozi yalimtoka.

"Nipe mpaka saa kumi," alisema. "Kuna yule daktari wa mifugo alimdunga chanjo ya kichaa mwaka jana. Namba yake iko kwa kadi. Akisema ni kichaa, mimi sitasema neno lingine."

Obiero aliichomeka sindano ya nyavu mfukoni.

"Saa kumi," alisema mwishowe. "Na mtu yeyote asiikaribie."

Sajini aliingia mwenyewe katika stoo ya nyavu. Obiero alivuta mlango kwa kamba, akiwa mbali, naye Dorca akatoa kadi na kumpigia daktari simu.

Daktari Nasambu alifika saa tisa na nusu kwa pikipiki, amevaa gambuti zenye matope. Hakukimbilia kumshika mbwa. Kwanza alichungulia dirishani kwa muda, kisha akaanza kuuliza.

"Anakula?"

"Kidogo," Dorca alijibu. "Anatafuna na upande mmoja. Maji anakunywa."

"Anawatambua? Ameumwa na mbwa mwingine?"

"Anatujua. Na hajaumwa."

"Ilianza ghafla, ama pole pole?"

"Pole pole. Ilianza na kujikuna sikio."

"Na kwa hilo sikio, mliweka kitu?"

Obiero aliangalia viatu vyake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini kusema mbele ya mke si rahisi. Alikohoa.

"Mafuta ya mbuta," alisema. "Siku tatu. Na siku zingine mbili, Mama Griffins hajui."

"Baba Griffins!"

"Asante kwa kusema ukweli, mzee," alisema Nasambu. "Sasa najua pa kuanzia."

Alivaa glavu. Alimfunga Sajini mdomo kwa bandeji, taratibu, huku Dorca akimwita kwa jina. Kisha aliinua sikio. Ndani kulikuwa kwekundu, kumevimba, na uchafu mzito wa kahawia umejaa.

"Nusa," alimwambia Obiero.

"Inanuka samaki."

"Nusa tena. Ukinunua samaki sokoni, tuseme ngege, unafanya nini?"

"Nafungua matamvua, nanusa."

"Basi nusa hivyo."

Obiero aliinama. Mara akarudi nyuma, uso umekunjamana. "Hii si mbuta. Hii imeoza!"

"Ndiyo. Huyu anaumwa sikio. Amechanjwa, anakunywa, na maumivu yake nayaona hapa. Anapepesuka kwa sababu ugonjwa umeingia ndani sana. Sehemu ya ndani ya sikio ndiyo husaidia mwili kusimama sawa. Ukimgusa hapo, lazima ajitetee."

"Sasa huo ugonjwa alitoa wapi?" Dorca aliuliza.

"Ziwani. Masikio yake yanafunika tundu kama kifuniko cha sufuria. Maji yakiingia hayakauki, na vijidudu hupenda joto na unyevu. Mafuta nayo yakazidisha ubaya."

Kisha akamgeukia Obiero. "Lakini mzee, kuogopa kichaa si kosa. Mbwa akiuma mtu, kidonda kioshwe na maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa." Alikagua mkono wa Dorca vizuri. Ngozi haikuwa na mkwaruzo.

Nasambu alimulika ndani ya sikio kwa kifaa kidogo. "Lazima nione kama ngoma ya sikio imetoboka," alieleza. "Dawa nyingine hudhuru ikiwa imetoboka. Ndiyo sababu hatununui dawa ya sikio kwa kubahatisha." Ilikuwa nzima. Alimimina maji ya kusafishia, akasugua polepole chini ya sikio, akamwachia Sajini ajikung'ute. Uchafu ulimrukia Obiero shati zima. Dorca alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Unafuta kwa pamba, pale kidole kinapofika tu," alisema Nasambu. "Usitie njiti wala unyoya wa kuku. Usitie parafini. Na mbuta ni ya binadamu."

Aliacha dawa ya matone na vidonge. "Siku kumi na nne. Akionekana amepona kabla, msikatize. Nitarudi kumwangalia."

Siku ya sita Sajini alikula ugali wake wote, akaomba wa Dorca.

"Amepona," alisema Obiero. "Dawa imebaki tuiweke ya siku ingine."

"Daktari alisema kumi na nne."

Zilitimia kumi na nne. Nasambu alirudi, akamulika, akatabasamu. Kichwa kilikuwa kimenyooka, na sikio lilikuwa safi.

Tangu hapo Dorca anabeba kitambaa kikavu ufukweni. Sajini akitoka majini, anainuliwa masikio na kukaushwa kabla hajamlowesha mtu. Na kila Jumapili, kabla ya kanisa, Obiero huyafungua masikio yote mawili. Huangalia wekundu, huangalia uchafu, kisha hunusa. Majirani wanamtania. "Obiero leo ananunua mbwa! Kilo ngapi?" Yeye hajali.

Jumapili moja hakuhitaji kumwita. Sajini alikuja mwenyewe, akalaza upande wa kushoto wa kichwa chake juu ya kiganja cha Obiero, akafumba macho. Obiero hakusogea. Suti yake ilijaa manyoya. Dorca alitoka nje na Biblia mkononi amwambie wamechelewa, akamkuta analia.

"Alikuwa anasema tu anaumwa," alisema Obiero. "Na mimi nilitaka kuita rungu."

Dorca aliketi kando yake, akaweka mkono begani mwake.

"Lakini ulingoja," alisema.