Kipimo cha Dada

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata fundi cherehani wa jirani tu, yule ambaye mtaa mzima humwita Mama Pindo. Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, saa nane mchana, wateja wamepungua. Akala, akaifuta meza ya kukatia vitambaa, akajinyoosha juu yake.

"Unaenda tena kwa marehemu?" msusi wa chumba cha pili akamtania dirishani. "Haya, msalimie. Ila jina langu usilitaje!"

Mama Pindo alicheka, lakini moyoni hakuwa na mzaha. Dada yake, aliyemfundisha kushika sindano, alikufa wakiwa hawajasemezana kwa miezi minne. Neno moja tu alikuwa analitaka kutoka kwake: nimekusamehe. Wiki ya tatu sasa alikuwa anamwota, na kila akimwona anajua kabisa kuwa yumo ndotoni. Shida ilikuwa kubaki humo. Furaha ikimzidi, anaamka. Akizubaa, ndoto inachuja kama kitambaa kilichofuliwa mno. Dawa aliyoigundua ni moja: asugue viganja, apapase vitu, mikono isikae bure.

Siku hiyo alimkuta dada kasimama kando ya cherehani. Akasugua viganja. Akapapasa jora la kitambaa cheupe, akausikia uzi wake vidoleni. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na ndoto haikukatika.

"Dada, nisamehe."

"Nimeshakusamehe," dada alinong'ona. "Lala nikupime."

Machozi yalimtoka. Akalala mezani. Dada akavuta utepe kutoka utosini hadi visiginoni, akatia alama za chaki, mistari miwili kichwani na miwili miguuni, kama alivyozoea tangu zamani. Kisha akaukunja utepe.

"Mbona hujapima kifua wala kiuno?"

"Nguo hii haina kiuno."

Hapo akataka kuamka. Akaacha kusugua viganja. Havikuacha. Vilikuwa ndani ya viganja vya dada, na dada alikuwa anavisugua, taratibu, bila kuchoka.

Msusi ndiye aliyemwamsha, akimtikisa mabega. "Nimekuita wee, kimya! Nikasikia mkasi, nikadhani unafanya kazi."

Wakaitazama meza. Mistari miwili ya chaki pale kilipokuwa kichwa chake. Miwili pale vilipokuwa visigino. Na jora jeupe limekatwa.

Tangu siku hiyo Mama Pindo anaogopa usingizi, na hafichi. Ukimlemea akiwa kazini, husugua viganja ili asisinzie, halafu anashtuka na kuvitazama, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya ili asiamke. Kile kipande cheupe alikifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni.

Jana alikitoa akakitupe. Upande mmoja ulikuwa umeshapigwa pindo.