Pembe Nyeusi ya Rada

Risasi ya kwanza iling'oa kioo cha pembeni cha pikipiki. Ya pili ilipita karibu na sikio lake, akasikia mluzi wake.

Nyigu hakugeuka.

Ndivyo walivyomwita kwenye idara ya ujasusi, kwa ajili ya kiuno chake, na kwa ajili ya mengine ambayo hayasemwi mbele za watu. Alilala juu ya tangi la Yamaha, akakata kona ya mwisho ya barabara ya changarawe, akafunga breki ghafla na kuiacha pikipiki ilale ubavu katikati ya njia. Land Cruiser iliyokuwa ikimfukuza ikachomoza konani mbio. Dereva akaiona pikipiki. Akapinda usukani.

Upande aliopindia hapakuwa na barabara.

Huko chini mabati yaligonga mwamba, yakagonga tena, kisha kimya. Nyigu akaiinua pikipiki, akajipangusa vumbi magotini na kutoa simu ya setelaiti.

"Nyigu hapa. Waliokuwa nyuma yangu hawapo tena. Naiona kuba."

"Ndege imeshavuka mpaka," ilisema sauti kavu ya Mkuu wake. "Imebeba makombora ya begani. Watu wao wanaisubiri bondeni, wana bunduki za kutosha. Yakishushwa, kesho yatakuwa juu ya mapaa yaliyo jirani na uwanja mkubwa wa ndege, yakisubiri ndege za abiria. Helikopta zetu haziwezi kuruka. Hali ya hewa imechafuka."

"Agizo?"

"Isitue. Na isirudi ilikotoka."

Simu ikakatika.

Kuba nyeupe ilikaa kileleni, safi, mpya, haijapata hata doa la kutu. Ilikuwa rada ya mwisho katika mradi wa taifa wa kuboresha utabiri wa hali ya hewa. Miaka yote bonde lile lilikuwa limejificha nyuma ya mlima, rada za zamani hazilifikii, na mvua iliwashukia watu bila hodi. Rada hii ilijengwa kuziba pengo hilo. Ikazinduliwa kwa tarumbeta na utepe.

Mwezi uliofuata bonde likafurika bila onyo lolote.

Nyigu alikuwa miongoni mwa waliotumwa kufukua matope. Alimfukua mwanamke aliyekuwa bado amemshika mwanawe mkono. Vidole vilikataa kuachana. Wakazikwa hivyo hivyo.

Ilitangazwa kuwa ni hitilafu. Haikuwa hitilafu. Kuna mtu aliyeingia kwenye kompyuta akafunika pembe moja ya anga, ile iliyo juu ya bonde, ikawa nyeusi. Rada haichagui. Ikiona mvua inaonyesha, ikiona chuma kinaruka inaonyesha pia. Waliotaka chuma chao kisionekane walimpata fundi mkuu wa kituo. Fundi mkuu akafunika vyote viwili.

Fundi mkuu huyo alikuwa shemeji yake. Mume wa dada yake wa tumbo moja.

Mlangoni mwa kituo alikuwepo mlinzi, mgeni, mabega mapana, akitafuna karanga. Alipomwona mwanamke mwenye helmeti mkono wake ulikimbilia kiunoni. Glock ya Nyigu, yenye kiwambo cha kuua sauti, ilikohoa mara moja.

Karanga zikatawanyika sakafuni. Nyigu akazikanyaga akapita.

Ndani kulikuwa na baridi ya viyoyozi. Kabati za mitambo zilivuma. Mbele ya skrini kubwa aliketi mwanamume mwenye sweta ya kijivu. Nyigu aliijua ile sweta. Dada yake aliifuma.

"Shemeji?" Fundi aliinua mikono, macho yamemtoka. "Wewe si mhasibu wewe?"

"Fungua pembe ya bonde."

"Ungenipigia tu simu, tukaongea kindugu..."

"Fungua."

Fundi akagonga vibonye. Pande jeusi la skrini likafutika, na mahali pake pakajaa wekundu, kisha zambarau nzito. Wingu la radi lilikuwa limekalia vijiji vyote, toka mlima hadi mlima.

"Tuma onyo."

Akatuma. Haikupita muda, ving'ora vikaanza kulia kutoka bondeni, kimoja kikipokewa na kingine, mpaka kuta za kituo zikanong'ona.

Pembeni mwa ile zambarau kulikuwa na doa dogo. Lilikuwa linatembea.

Redio ya mezani ikakwaruza.

"Kaka. Kaka, unanipata? Rada yangu nimeizima, wasije wakaninasa. Mbele naona giza. Bonde likoje?"

Fundi akafumba macho. "Huyo ni mdogo wangu."

"Namfahamu."

Alimfahamu vizuri. Walicheza pamoja siku ya harusi ya dada. Kijana alimkanyaga vidole, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

"Mwambie kumetulia," alisema Nyigu. "Mwambie apite katikati."

"Acha nimwambie ageuze. Hamtamwona tena, nakuapia haki ya Mungu."

"Atakuja wiki ijayo na mzigo ule ule."

"Shemeji, nyinyi watu hamna moyo?"

Nyigu akamwekea mdomo wa bastola nyuma ya sikio. "Yeye au wewe. Mmoja anabaki hai. Chagua."

Ndani kabisa, mahali ambapo Mkuu hapafikii, alitaka mtu huyu akatae. Angepata neno moja jema la kumpelekea dada yake.

Fundi hakumaliza hata pumzi. Alivuta kipaza sauti, akabonyeza.

"Mdogo wangu, usiogope. Hilo giza ni ukungu tu. Pita katikati, kumetulia."

Sauti yake haikutetemeka hata chembe.

"Asante, kaka. Mama anasema Jumapili usikose. Anakusubiri."

Doa likaingia kwenye zambarau.

"Kaka, inanirusha." Kulikuwa na mtafaruku nyuma ya sauti, kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. "Barafu! Kaka, mbona... Kaka, ulisema..."

Redio ikabaki na mkwaruzo mtupu.

Doa likazimika.

Fundi alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Nyigu akamnyang'anya, akaketi kwenye kiti cha pili, akasubiri. Mvua ikaanza kupiga kuba juu ya vichwa vyao.

Hatimaye simu ya setelaiti ikalia.

"Moto umeonekana ubavuni mwa mlima," alisema Mkuu. "Watu wao wamekimbia, mto umebeba magari yao. Vijiji vimehamia juu, hakuna aliyekufa. Wewe uko vipi?"

"Mzima."

"Rudi."

Nyigu akamfunga fundi pingu, mkono mmoja kwenye mguu wa meza, kisha akaigeuza skrini imtazame usoni.

"Uliniahidi uhai," alisema fundi.

"Si unao?"

"Basi nisaidie kwa moja tu. Mama asijue. Niseme alipotea mwenyewe. Dada yako pia asijue. Tafadhali, shemeji."

Nyigu akaelekeza kidole kwenye kisanduku kidogo juu ya redio, taa yake nyekundu ikiwaka.

"Mazungumzo yote ya redio yanarekodiwa. Wewe ndiye uliyekisimika. Sauti yangu haimo, mimi sikusema lolote kwenye kipaza sauti. Mumo ninyi wawili tu. Kitachezwa mahakamani, na mama yenu atakuwa amekaa pale mbele."

Fundi akaanza kulia, kwa sauti ya mtoto aliyeachwa dukani, na bado alikuwa akilia Nyigu alipomruka mlinzi pale mlangoni na kutoka.

Nje mvua ilikuwa imekolea. Simu yake ya kawaida ikatetemeka mfukoni. Dada.

"Mdogo wangu, una habari zozote za shemeji yako? Nampigia hapatikani."

"Nimepita kazini kwake."

"Anaendeleaje?"

"Yuko kwenye mitambo, dada. Usimsubirie chakula."

Akakata. Akavaa helmeti, akaiwasha Yamaha, akashuka mlima polepole, maana changarawe ilikuwa imeanza kuteleza.